Kujisaidia

Mtoto wetu wa pili alizaliwa kwa upasuaji, Tanga, mwaka 1994. Kesho yake tulikwenda kumtazama mzazi: mimi, mama, mashangazi wawili, na jirani aliyebeba chupa ya uji wa pilipili manga. Uji haujamiminwa bado, muuguzi akaja kusimama miguuni mwa kitanda akauliza, wodi nzima ikisikia, "Mama, umeshajamba?" Mke wangu akavuta kanga akajifunika uso. Shangazi mmoja alicheka hadi akashika ukuta. Muuguzi mwenyewe hakutabasamu. Kama hajajamba, uji urudi ulikotoka. Tumbo likishapasuliwa utumbo hulala, na dalili ya kuamka kwake ni upepo. Jioni tulipoletewa habari kwamba upepo umetoka, mama alisema alhamdulillahi mara tatu, kisha akawasha jiko.

Zaidi ya miaka 25 baadaye nikaulizwa swali hilo hilo mimi, Uingereza ninakoishi sasa, na daktari mpasuaji mwenye mvi, kwa Kiingereza cha adabu. Nilitaka kujifunika uso, lakini shuka la hospitali lilikuwa fupi.

Nilikuwa na saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Walikata puru, wakaushusha utumbo wa juu wakauunga chini karibu na njia ya kutokea, kisha wakanitoboa tumbo na kunivisha mfuko wa choo kwa muda, ili kiungo kipone bila kusumbuliwa. Baada ya miezi saba mfuko ukaondolewa, utumbo ukarudishwa ndani. Niliambiwa mapema kwamba choo changu hakitakuwa kama zamani. Nilisikia, sikusikiliza. Mtu aliyeambiwa saratani imetoka yote hana masikio ya habari za choo.

Kiswahili kina neno la heshima kwa kazi hii. Mbele ya watu hatusemi fulani amekwenda kunya; tunasema amekwenda kujisaidia. Nililitumia neno hilo maisha yangu yote bila kulitazama. Kula, kuvaa, kuoga, kutembea, yote hayo mtu hujifanyia mwenyewe, lakini ni hili moja tu ambalo lugha imeliita kujisaidia, kana kwamba wazee waliona hapa ndipo utu uzima unapoanzia. Mtoto hushangiliwa siku aliyokaa potini mwenyewe. Mzee huhurumiwa siku aliyoshindwa. Kati ya siku hizo mbili huulizwi kitu, nawe huulizi, na hivyo hujui hata kwamba kuna kazi inafanyika.

Na kazi yenyewe ni ya ajabu. Puru ni ghala lenye kuta laini. Hutanuka na kupokea bila kulalamika. Mlango wake unafungwa na misuli miwili ya mviringo. Wa ndani hauko chini ya amri yetu. Umejikaza usiku na mchana, hata tukiwa usingizini, na ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi. Wa nje tunauamuru. Puru ikijaa kidogo, msuli wa ndani hulegea kwa sekunde chache, kilichomo hushuka kuonjwa na ngozi ya chini yenye hisi kali, na hapo mwili hujua kama ni upepo, ni maji, au ni kigumu. Uamuzi hupita, mlango hufungwa. Hayo hutokea mara nyingi kwa siku, kwenye daladala, kikaoni, ndani ya swala, na mwenyewe hana habari. Aliyekatwa puru amepoteza ghala, na mara nyingi mwonjaji naye hafanyi tena kazi yake vizuri.

Haja ya mtu mzima ina adabu za mgeni. Hubisha hodi, ikijibiwa "subiri kidogo" hukaa barazani. Yangu ikawa mgeni anayesukuma mlango huku akisema hodi. Mara kumi kwa siku, mara kumi na tano. Anatoka, na kabla sijakauka mikono yuko tena. Nikaanza kuujua mji kwa vyoo vyake: duka lipi halikuulizi umenunua nini, kituo kipi cha treni kinadai sarafu. Nikaacha safari ndefu, kisha na fupi. Nikaacha msikiti, maana mtu ambaye upepo wake hauna lijamu udhu wake una umri gani? Mama alipopiga simu kutoka Tanga akauliza, "Umepata choo, mwanangu?" nilimjibu nimepata, nikageuza mazungumzo. Aliuliza kama alivyoniuliza nikiwa na miaka mitatu. Haya ilikuwa yangu peke yangu.

Mwaka 2012 watafiti wa Denmark walichapisha hojaji ya kupima hali hii kwa watu waliokatwa puru. Ina maswali matano tu, na alama zake huanzia 0 hadi 42. Ukifika 30 hali yako ni nzito. Mimi nilipata 41. Shuleni sikuwahi kukaribia kiwango hicho katika somo lolote. Lakini kilichonifanya niisome karatasi ile mara mbili ni jinsi alama zilivyogawanywa, kwa kufuata ni lipi linalowaharibia wagonjwa maisha yao zaidi. Kuvujwa na choo chepesi, jambo ambalo ningelidhani ndilo fedheha kuu, kumepewa alama 3 basi. Kukimbilia choo kwa kuogopa kwamba hutafika kumepewa hadi 16. Ajali zangu, nikizihesabu kwa haki, zilikuwa chache. Kilichonifungia ndani ni kuzisubiri.

Richard Burton, Mwingereza aliyekaa Unguja mwaka 1857 kabla ya safari yake ya maziwa makuu, aliweka katika tafsiri yake ya Alfu Lela U Lela kisa cha Abu Hasan, tajiri wa Yemen aliyejamba siku ya harusi yake mwenyewe, mbele ya wageni. Kwa aibu akapanda farasi akatoroka mpaka Bara Hindi. Akakaa huko miaka mingi, nyumbani kukamwita, akarudi kwa kujigeuza sura, akapita vichochoroni akisikiliza kama wamesahau. Akamsikia binti mmoja akimuuliza mama yake alizaliwa lini. Mama akamjibu: usiku ule Abu Hasan alipojamba. Akageuka akaondoka, wala hakurudi tena. Ujanani nilikicheka kisa hicho. Nilipokikumbuka nikiwa mgonjwa, niliona jambo ambalo zamani lilinipita. Usiku ule wa harusi wageni walifanya adabu kubwa: kila mmoja alimgeukia jirani yake akapaza sauti kuzungumza, kama ambaye hakusikia kitu. Adabu hiyo ndiyo iliyompakia farasini. Laiti mmoja tu angemcheka, au angemwambia pole, huenda angebaki na mkewe.

Nami nilikuwa Abu Hasan wa ndani ya nyumba, hadi nilipopelekwa kwa muuguzi wa bayofidibaki.

Jina ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Mwili una kazi ambazo hatuzioni wala hatuzihisi sawasawa. Mtu akiwekewa chombo kinachoipima kazi hiyo na kumwonyesha papo hapo, hujifunza kuiongoza. Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Los Angeles, alieleza mwaka 1948 kifaa chenye kipima shinikizo ambacho kwacho mwanamke aliona kwa macho yake nguvu ya misuli iliyolegezwa na uzazi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Bernard Engel na wenzake wa Baltimore walitangaza kwamba watu walioshindwa kuzuia choo wameweza kufundishwa kuukaza msuli wa nje kwa wakati unaotakiwa. Karibu nusu karne baadaye zamu ikanifikia mimi.

Muuguzi alikuwa rika la binti yangu. Hilo peke yake nusura linirudishe nyumbani. Kabla ya kunigusa alinieleza kila kitakachofanyika, akanionyesha mrija mwembamba wenye puto dogo nchani, akaniachia nafasi ya kukataa. Nilipolala ubavu alinifunika shuka hadi kiunoni. Kisha alifanya jambo ambalo sijui kama wanafundishwa au ni malezi ya kwao: mrija ulipokwisha kukaa, alivuta kiti akakaa akinipa bega, uso wake kwenye skrini, nami uso wangu kwenye skrini hiyo hiyo, kama watu wawili wanaotazama mpira. Hakuna aliyenitazama mimi. Tuliutazama mstari.

"Kaza," akasema. Nikakaza. Nilikaza matako, tumbo, meno, nadhani hata masikio, na mstari umelala pale pale kama mfungaji wa Ramadhani saa tisa alasiri. Akaniambia nipumue. Nikagundua nilikuwa nimeziba pumzi. Akaniambia nilegeze yote kwanza, kisha nijaribu kama mtu anayezuia upepo mbele ya wakwe. Nilicheka, na kicheko kiliponitoka nikafanya kitu kidogo sana huko ndani, kidogo kiasi kwamba sikukihesabu kuwa ni kitu. Mstari ukapanda. Ukakaa sekunde tatu, ukaanguka.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwaza juu ya mstari ule zaidi ya misuli. Nimefundishwa na walimu wa kiboko na walimu wa sifa, na mimi mwenyewe nimelea watoto kwa vyote viwili. Mstari hauna kiboko wala sifa. Ukikosea haununi, ukipatia haukushangilii. Unasema tu hivi ndivyo ulivyofanya sasa hivi. Nilikuwa nimeutukana mwili wangu miezi mingi, nikiuita msaliti, na kumbe nao ulikuwa ukifanya kila ulichoamriwa. Amri ndizo zilizokuwa za mtu mwenye hofu.

Wiki ya pili tukaja kwenye puto. Alilijaza hewa kidogo kidogo kwa bomba la sindano, nami niseme "sasa" nitakapohisi kitu. Nikasema sasa. Akanigeuzia bomba nilione: hajasukuma hata kidogo. Tukaanza upya. "Sasa." Bado hajasukuma. Mara ya tatu hakunionyesha, alinyamaza tu, na mimi nikalala pale nikiwaza kwamba sehemu ya haja zangu, sijui ni nusu au robo, haikuwa na choo ndani yake. Ilikuwa hofu imevaa nguo za haja. Nimesoma vitabu vingi vya hekima juu ya nafsi inayomdanganya mtu, na hakuna kilichonionyesha udanganyifu huo waziwazi kama bomba la sindano lisilosukumwa.

Kuanzia hapo mafunzo yakawa ya kusubiri. Haja, alinieleza, hupanda kama wimbi na mara nyingi hushuka ukiipa nafasi. Anayekimbia hupoteza umakini wa misuli, na mlango hufunguka njiani. Kaa. Pumua. Kaza kidogo, si kwa nguvu zote. Hesabu. Nyumbani niliweka kiti koridoni, hatua mbili kutoka mlango wa choo, nikakaa na saa mkononi: nusu dakika, dakika, dakika mbili. Wiki iliyofuata kiti kikasogea. Mjukuu wangu alipita akauliza, "Babu, unamsubiri nani?" Nikamwambia namsubiri mgeni. Akakaa naye sakafuni kumsubiri.

Wiki ya tano nilijichafua ndani ya basi. Sitaieleza safari ile. Aliyepata kupita anaijua, na asiyepita Mungu amsitiri. Nilikwenda kliniki nimekwisha kuamua kuacha. Muuguzi alisikiliza bila kuacha kuandika, kisha akauliza nilikula nini usiku, nilisimama ghafla au polepole, nilikaza au nilikimbia. Nilikimbia. Akasema basi tumeona. Akanipangia dawa ya kufungisha choo, loperamidi, nusu saa kabla ya chakula. Nilitarajia kuhurumiwa, na ningehurumiwa ningelia. Maswali yake makavu yalinifaa zaidi.

Baadaye, nikiwa nimeanza kupata nafuu, nilisoma kuhusu tiba hii na nikakutana na jambo lililonikera. Mwaka 2003 muuguzi mtafiti Christine Norton na wenzake wa hospitali ya St Mark's, London, walichapisha matokeo ya watu 171 wenye tatizo la kuzuia choo, waliogawanywa makundi manne. Kundi la kwanza lilipata ushauri wa wauguzi tu. La pili likaongezewa maelekezo ya mazoezi kwa mdomo. La tatu likapata mashine hospitalini, na la nne likapata na kifaa cha kutumia nyumbani. Katika makundi yote karibu nusu ya watu walipata nafuu, na mashine haikuongeza kitu juu ya ushauri. Watafiti wenyewe walihitimisha kwamba huenda maingiliano ya mgonjwa na mhudumu, na mbinu za kuishi na tatizo, ni muhimu kuliko mazoezi na mashine. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba dawa aliyoisifia kijiji kizima ni maji ya bomba.

Nisimdhulumu mtu hapa. Wengi wa wagonjwa wale hawakuwa wa upasuaji kama wangu. Na kwa wenye tatizo la kinyume, ambao misuli yao hukaza pale inapotakiwa kulegea na choo kikakwama, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kutoka Italia ulionyesha mafunzo ya mashine yakiishinda dawa ya kulainisha choo. Mashine isitupwe. Ila swali lilinibakia: kundi lile la kwanza, lisilopewa mrija wala mstari, lilipewa nini?

Lilipewa mtu aliyeuliza. St Mark's yenyewe ilianzishwa mwaka 1835 na Frederick Salmon, kwa vitanda saba, kwa ajili ya maskini wenye maradhi ya sehemu ambazo waungwana hawakutaka zitajwe. (Waungwana nao waliugua: Charles Dickens alipasuliwa fistula na huyo huyo Salmon mwaka 1841, kabla dawa za usingizi hazijaingia hospitalini.) Nadhani kila aliyekaa mbele ya wauguzi wa Norton alikuwa na yake aliyoyanyamazia miaka, na kwa mara ya kwanza akaulizwa na mtu asiyeona kinyaa. Mashine ilinipa mimi kisingizio cha kukaa chumba kimoja na mtu wa namna hiyo. Peke yangu nisingekwenda kwa sababu ya kuzungumza tu. Wanaume wa kwetu huenda kwenye mashine.

Na hapa ndipo nilipomgeukia sheikh wangu. Nilipokuwa chuoni, Tanga, tulisoma Safina, kitabu cha fiqhi, wavulana na wasichana, kwa sauti ya pamoja iliyosikika mpaka barabarani: yanayotengua udhu, kinachotoka katika njia mbili, namna ya kustanji. Hakuna aliyecheka baada ya wiki ya kwanza. Mtu aliyelelewa hivyo alikuwaje akaona haya kumuuliza sheikh wake? Nikampigia simu. Akanihoji kama daktari: ndani ya wakati wa swala, unapata kipande cha kutosha kutawadha na kuswali bila kutokwa na kitu? Ukikipata, swali ndani yake. Usipokipata, wewe ni mwenye udhuru: subiri wakati uingie, tawadha, swali papo hapo, na kitakachotoka hakikudhuru. Alisema yote hayo bila kushusha sauti, kisha akauliza kwa nini nimekaa mwaka mzima bila kumuuliza. Sikuwa na jibu la maana.

Nilijidhania ninajisitiri. Lakini stara tunapewa na wengine. Maiti hasitiriwi na sanda aliyojivisha, na hata dua tunayoiomba kila siku ni kwamba Mungu atusitiri. Kinachofanywa na mtu peke yake, mlango umefungwa na simu ya mama imekatwa mapema, kina jina lake, nalo ni kujificha. Wazee walitutahadharisha nacho kwa lugha isiyopepesa: mficha uchi hazai, mficha maradhi kifo humuumbua. Lugha hii hii tunayoilaumu kwa haya ndiyo yenye kusema mavi ya kale hayanuki, tena mezani, na hakuna anayeacha kula. Shuka la muuguzi lilinifunika vizuri kwa sababu kwanza alikuwa ameniuliza kila kitu.

Mama nilimwambia mwisho kabisa. "Mama, choo kinanisumbua." Akauliza tangu lini, cha namna gani, usiku mara ngapi. Akaniagiza maji ya mchele. Halafu akasema kwamba baba, mwaka wake wa mwisho, alikuwa hivyo hivyo, naye ndiye aliyekuwa akimwosha alfajiri kabla watu hawajaamka. Miaka yote sikujua. "Ulikuwa mbali," akasema, "na baba yako alikataza usiambiwe."

Alama zangu mara ya mwisho zilikuwa 26. Upepo bado hauna lijamu ya kuaminika. Nimerudi msikitini, nasimama safu ya nyuma, karibu na mlango. Ukisimama kando yangu ukasikia kitu, usijifanye hukusikia. Swala ikiisha, niambie pole.